Muhula wa Kaskazi

Kadi yangu imepigwa muhuri: MPYA,
ingawa begini nina miaka miwili ya daftari
na kule Kericho, kabla kozi yetu haijafutwa,
nilijua dawati lipi lina msumari unaochana suruali.

"Takwimu ya Pili hatuitambui,"
alisema Bi Zuhura wa usajili,
akiirudisha karatasi kwa kidole ambacho hina imebaki nusu ya ukucha,
bila ubaya, kama anayekurudishia noti iliyochanika.
"Utairudia muhula huu mfupi. Wiki nane tu, mwanangu."
Kisha akaandika jina langu bila ritifaa,
kwa kuwa mtambo hauikubali.

Basi nairudia.
Saa nane mchana, Januari,
jua limekaa juu ya Tudor halina pa kwenda.
Ukumbi wa watu mia mbili, sisi saba.
Mapangaboi mazima ni matatu,
kwa hiyo urafiki hapa ulianza kama suala la hewa:
nilikaa karibu na Mwakideu
kwa sababu hapakuwa na upepo mwingine.

Dukani nilisema, "Nipatie maji."
Kijana wa duka akaniangalia mimi kwanza, kisha friji.
"Sema naomba, ndugu yangu. Au kiu yako ina cheo?"
Kile Kiswahili kilichonipa alama ya A bara
huku kilikuwa kinaingia sebuleni na viatu.
Sasa naomba.
Naomba maji, naomba kupita, naomba notsi za Jumatatu.
Ni njia ndefu zaidi, ila ina kivuli.

Chumbani vitanda vinne, mimi mmoja.
Wenyewe wamekwenda kwao mpaka Machi,
wameacha majina yao kwenye mbao,
kandambili moja ya kushoto,
na kalenda ambayo mtu alikuwa akikata siku
akakoma tarehe kumi na mbili, sijui alipatwa na nini.
Kunguru waliiba sabuni yangu dirishani.
Nikanunua nyingine, wakaiba.
Ya tatu naifungia sandukuni
pamoja na sweta aliyonifumia mama,
na sasa sweta inanukia kama mtu anayekaa Mombasa.

Mama hupiga simu Jumapili.
"Umezoea?"
Nasema ndiyo,
nimelala kifua wazi juu ya saruji,
mahali pekee jengoni penye baridi ya kwetu.
Simwambii kwamba jaribio la kwanza
nilipata chini ya nilichopata Kericho,
kwa maswali yaleyale.
Joto hulainisha hata namba.

Jana bomba la ghorofa ya pili lilitoa maji,
yale ya kisima, yenye chumvi.
Wiki ya kwanza niliyatema.
Mwakideu, mdomo umejaa dawa ya meno,
akaniuliza jina langu lina maana gani.
Nikamwambia: kwetu, mtoto anayezaliwa
mifugo ikiwa imepelekwa kulamba chumvi
huitwa Kipng'eno.
Akatema. Akayatazama maji koponi.
"Kumbe mwenye bomba ni wewe," akasema,
"na sisi twateseka bure!"
Kisha akalitamka tena, taratibu,
ng' yake yote, kama ya ng'ombe, kama ya ng'ambo.

Kesho ni sura ya tano: mkengeuko,
umbali wa kila namba na wastani wake.
Naijua. Niliisoma mahali penye ukungu.
Nitawahi, nimshikie Mwakideu kiti
upande ule unaofikiwa na upepo.