Kipande cha Saa Nne

Rayya kaileta kutoka Ruwi, ndani ya mfuko wa dawa,
kati ya vidonge vya presha na mafuta ya goti.
Chokoleti. Nyeusi kama buni zilizosahauliwa kikaangoni.
"Mama, hii ni ya kilimo hai. Kakao themanini na tano kwa mia.
Kipande kimoja kwa siku. Si kibao kizima. Nakujua."

Njiani joto la Julai lilikuwa limeshaipitia.
Gari liliposimama kwenye taa za Sib, ikayeyuka;
ndani ya friji, ubavuni mwa mtindi, ikaganda upya
ikatoka imepauka, ina weupe
kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.
Nikataka kuitupa. Nikasema imeota kuvu.
Rayya akacheka: "Ni mafuta yake tu yamepanda juu.
Haijaharibika. Imezeeka sura."
Basi nikaihurumia.

Mimi ni mtu wa halua.
Halua ya harusi, ya idi, ya hitima,
halua ya zafarani inayong'ang'ania kidole
kama mtoto anayekataa kuachwa skuli.
Utamu niliouzoea huja mbio,
hukupiga busu, huondoka na meno.
Hii haina mbio.
Niliiweka ulimini, ikanyamaza.
Kwanza uchungu, kama neno la kweli.
Kisha moshi.
Kisha kitu kama tende mbivu iliyo mbali,
chumba cha tatu, mlango umerudishwa.
Ukitafuna unaikosa.

Nikamuuliza, mimi niulizaye kila kitu:
"Hai maana yake nini? Inapumua?"
Akasema shambani haikunyunyiziwa sumu,
udongo wake haukulishwa unga wa kiwandani.
"Kwa hiyo sukari yake haina neno?"
"Sukari ya kilimo hai, Mama, nayo inaua."
Kakao, akasema, ina vitu vya kulegeza mishipa,
damu ipite bila kusukumana. Kidogo.
Akalirudia hilo neno: kidogo.
Haikai mahali pa kidonge. Ina mafuta mengi.
Ina kitu cha ndugu yake kahawa, kwa hiyo ile asubuhi.
Mwenye mawe ya figo aulize kwanza.
Nilipenda kwamba hakuniahidi.
Simu yangu imejaa watu wanaoahidi:
maji ya bamia yanafukuza sukari,
kitunguu ndani ya soksi kinavuta homa.

Asubuhi nikasahau.
Nikaikumbuka saa nne usiku, kiyoyozi kikiguna,
nikala kimoja, na cha pili nikagawana na Zahor
(cha pili Rayya hakijui).
Saa nane tulikuwa macho, sote wawili,
tunatazama kitaa chekundu cha kiyoyozi.
Miezi sijui mingapi hatujakutana saa ile.
Yeye hulala akirudi msikitini, mimi hulala na simu.
Akasema, "Unaikumbuka nyumba ya Wadi Kabir,
paa lilivyovuja usiku wa kimbunga?"
Nikaikumbuka. Nikamkumbusha ndoo saba
na sufuria ya biriani iliyokuwa ya nane.
Tukacheka mpaka akakohoa.
Kisha akaniambia jambo la mdogo wake, marehemu Mselem,
jambo alilolimeza zima miaka thelathini.
Sikusema kitu.
Niliuweka mkono wangu juu ya wake,
na sikuharakisha.

Kulipokucha mashine ikanibana mkono, ikalia vilio vyake:
mia na thelathini na nane.
Jana ilikuwa mia na arubaini na moja.
Rayya akasema tofauti hiyo si kitu,
siku moja haisemi, mashine nazo zina siku zao.
Namwamini. Ndiye aliyesoma.
"Na unaila asubuhi, nilivyokwambia?"
Nikasema, "Inshallah."

Alipoondoka nikahesabu vipande vilivyobaki,
kumi na moja,
nikavisogeza nyuma ya mtindi
mpaka saa nne ifike.