Vipimo vya Fundi

Kaa, Nabintu. Hicho kiti kina mguu mmoja mbovu,
egemea upande wa mashine.
Mvua hii ya Kadutu haitakuruhusu kuteremka sasa,
na barua ya daktari usiikunje tena,
itachanika kwenye mkunjo kabla mumeo hajaisoma.

Mimi nililipata kwa utepe huu huu.
Nilikuwa najipima, gauni la harusi ya mdogo wangu:
kifua tisini na nane, kiuno tuache,
na kidole gumba kikakwama
juu ya kitu kama punje ya hindi
iliyosahaulika mfukoni.
Halikuuma. Ndiyo maana nikalirudishia kitambaa
nikashona miezi saba.

Wifi yangu akasema: ni zile faranga
unazozikunja na kuzificha kwenye sidiria.
Chumba cha maombi kikasema: kuna mtu.
Hawakumtaja. Nina majirani kumi na wanne,
nikawatazama wote, mmoja mmoja, wakinisalimu.
Dhambi hiyo naikumbuka kuliko kisu.

Daktari, kijana, kola yake imeshonwa vibaya,
alichora nyuma ya karatasi:
chembe moja ya mwili wako mwenyewe, mama,
imesahau kuacha kuzaana.
Nikamwambia, kama mashine isiyosikia mguu:
unautoa kwenye pedali, yenyewe inaendelea,
inashona juu ya mshono hadi nguo inakuwa jiwe.
Akaniangalia. Akasema, hivyo hivyo.
Basi hakuna aliyekuroga, Nabintu. Hakuna.

Sasa nikwambie ambayo hakuniambia.
Maji yale mekundu yakishaingia mshipani,
mkojo utatoka mwekundu; usipige kelele kama mimi,
si damu.
Sambaza zitakuwa na ladha ya misumari,
kula kwa kijiko cha mti.
Siku ya tatu ni mbaya kuliko ya kwanza.
Wiki ya pili jitenge na wanaokohoa,
na homa ikija, hata usiku, hata umeme umekatika,
usingoje asubuhi.
Nywele ziliniangukia kwenye kitenge cha mteja.
Nilizitoa kwa sindano, unywele kwa unywele,
nikampunguzia bei.

Cishugi alihama chumba. Alisema harufu ya dawa.
Alirudi baada ya Pasaka na mkungu wa ndizi.
Sikumuuliza. Bado sijamuuliza.

Titi liliondoka, uzito wake ukabaki:
bega likapanda, gauni zote zikapinda.
Nikashona kifuko, nikakijaza maharagwe,
nusu gigozi, kwa mkopo.
Mvua ikanikuta Nyawera, yakavimba.
Jumapili, katikati ya misa, kitu kikanichoma:
chipukizi!
Nilicheka mpaka padri akanyamaza.
Siku hizi natumia mtama uliokaangwa.

Kwa mionzi nilivuka Ruzizi na pesa za kikundi,
wiki tano Kigali, kwa watu wasiojua ukoo wangu,
nikarudi na kifua cheusi kama ukuta wa jikoni.
Huenda wewe hutafika huko. Huenda utafika.
Mwamini, tuliyelala naye vitanda jirani,
alifuata kila kitu, hakukosa hata sindano moja,
tukamzika Agosti.
Sikufichi. Ungemsikia kwa mwingine
ukaja kunitazama kama mwongo.

Inua mkono. Hapana, wa kushoto.
Nakupima leo, kabla hawajakugusa,
naandika kwenye daftari, ukurasa wako peke yako,
na chini naacha nafasi ya namba nyingine.
Usizuie pumzi. Wateja wote mnazuia pumzi,
kisha nguo inawabana.

Mia moja na mbili.
Kalamu iko wapi? Ilikuwa hapa.