Wino wa Buluu

Karani wa Kagadi alikuwa na kalamu ya wino wa buluu
na haraka ya mtu ambaye chakula chake kinapoa.
"Jina?" akauliza kwa Kiganda.
"Nyakato," akajibu bibi yangu, miaka tisa,
vumbi la njia ya Muhorro bado magotini.
Akaandika: Nakato.
"Umeruka herufi," baba yake akanong'ona.
Karani akaupuliza wino ukauke.
"Herufi hiyo, mzee, hapa haina kazi."

Shuleni wakamvisha kibao shingoni
kila ulimi ulipoteleza ukasema Kinyoro,
kibao cha mvule, kizito,
kinanuka jasho la waliokivaa kabla yake.
Muhula mmoja alikaa nacho siku kumi na moja.
Kiganda alikijua, ndiyo. Barabara.
Kama mtu anavyojua kuchechemea.

Na pacha wake?
Nyangoma hakuandikwa siku ile; alikuwa na surua.
Alikua na jina lake zima,
kisha akampenda Ssenkubuge, fundi baiskeli wa Mityana,
akalipenda boga na ua lake:
akavaa gomesi,
akajifunza kuyafunga matoke ndani ya majani
hadi mvuke ukose mlango,
akaitwa Babirye, akaitika akicheka.
Hakuna aliyemkaba.
Nyumbani wakasema mkataa kwao mtumwa.
Nyakato peke yake hakusema.

Nilikuwepo Nyangoma alipokuja kumzika kaka yao,
ajuza, miguu imevimba kwa safari.
Walisimama mlangoni wakitazamana.
Mmoja akasema, "Abwooli."
Mwingine, "Adyeeri."
Basi. Ndipo wakalia.

Hizo ni empaako, majina ya mapenzi,
na karani yule hakuwahi kuyauliza.
Lakini wazee husema hata hayo hatukuzaliwa nayo,
yalishuka kutoka kaskazini na watu wa ndimi za Kiluo,
na hakuna anayemkumbuka aliyelazimishwa.
Labda yupo.
Labda palikuwa na karani wa mkuki,
na sisi tumemsahau
kwa kuwa tumekwisha kuyapenda.

Kura ya sitini na nne ilirudisha ardhi.
Herufi haikurudi.
Cheti cha kifo cha bibi kinasema Nakato.

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili,
lugha iliyotufikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani,
simama, shuka, fungua mzigo,
miaka mingi kabla Mama Zamzamu, Mnubi wa Hoima,
hajanikopesha methali pamoja na mandazi,
bila riba, bila kibao,
nami, nasema, nusura niwaite humu Kulwa na Doto
ili msomaji asipate taabu.

Mkono ulikuwa umeshaanza K.
Nikautazama wino.
Buluu.