Nane za Mwisho

Nje theluji imefika kwenye vioo vya magari.
Ndani, nyuma ya duka la matairi, Butte, Montana,
meza ni moja, na dau halipandi kwa hasira:
nne, nne, kisha nane, nane. Sheria ndiyo hiyo.
Huwezi kumtisha mtu kwa rundo la sarafu za plastiki.
Unabaki na kazi ya kumsoma.

Nilipandisha mapema. Nina ree na ghulamu.
Watatu wakafuata, wa mwisho Lorna Tveit,
aliyechambua barua posta miaka thelathini na moja.
Alifuata tu, akipuliza chai.
Basi si wafalme wawili, si ree mbili:
angenirudishia palepale. Nikazifuta.

Zikalala ghulamu wa kopa, tisa ya kopa, nne ya uru.
Nikaweka. Akafuata. Ambrose naye;
Ambrose hufuata hata mazishi ya asiowajua.
Ikaja sita ya pau. Nikaweka nane,
na Lorna, bila kuinua macho,
akasukuma kumi na sita.
Ambrose akatupa zake.

Hapo ndipo mtu hufungua daftari lisiloonekana.
Lorna hapandishi kwa ndoto.
Nne mbili, sita mbili, tisa mbili: kila jozi ina njia tatu.
Ghulamu na tisa: njia sita.
Kumi na tano za kunizika.
Kando, kopa zilizokuwa zikingoja kopa wenzao:
mfalme na bibi, bibi na kumi.
Mbili tu. Nimeziacha kwa huruma.

Mgawaji akageuza mbili ya shupaza,
karata isiyomjua mtu.
Lorna akaweka nane.

Themanini na nne zimelala pale,
nane ndiyo bei ya kujua.
Hesabu haina aibu: mbili kati ya kumi na saba zinatosha.
Nikalipa huku moyo umeshakubali,
kama mtu anayelipia stempu iliyopungua
ili akabidhiwe barua ya kufukuzwa kazi.

Ghulamu. Tisa.

"Nilijua utalipa, Wendell," akasema, akizikusanya
kwa vidole vilivyozoea kupanga mitaa kwa namba.
"Hata ningekuonyesha moja, ungelipa."

Mimi nilimwandikia mikono kumi na saba.
Yeye hakuniandikia hata mmoja.
Alisoma anwani tu.