Mkoba Nyuma ya Mlango

Yalianza na kadi ya kliniki.
Nesi pale Makorora, akimning'iniza Shekue
kwenye mizani ya ndoano kama papai,
aliniuliza bila kunitazama:
"Usiku wa manane maji yakiingia, mama,
mkono ulio huru utashika nini?"
Nilicheka. Mkono upi huru?
Mwenye kichanga hana mkono wa pili.

Ila nilipofika nyumbani nilipiga msumari wa inchi nne,
nikatundika mkoba wa turubai kutoka Mgandini.
Nepi sita za kitambaa. Pini.
Kofia ya sufi, soksi za kuvika kidole gumba.
Dawa ya kuharisha, pakiti tatu,
kiberiti ndani ya kopo la maziwa,
tochi,
na namba ya shemeji wa Muheza kwa wino mzito,
maana simu nayo huzimika.

Semboja akipita huugonga kwa bega:
"Mkoba huu una safari, au una mume mwingine?"
Na jirani yangu Mwanakombo, mdomo hauna pazia:
"Unamwita mgeni, wewe. Umeshamtandikia mkeka."

Sisemi kwamba niliutunza.
Kiberiti nilikikopa siku ya pilau, nikakirudisha.
Betri nilizikopa siku ya mpira.
Kesho, nilisema.
Kesho ikazaa kesho, na wajukuu.

Masika, siku ya nne ya mvua isiyopumua,
niliamshwa na sufuria kugongana na sufuria.
Kimya. Kisha tena, ngo,
taratibu, kama watu wanaosalimiana gizani.
Zilikuwa zinaelea.
Shekue, mwaka na miezi minane,
alikuwa amesimama kitandani anapiga makofi:
"Maji! Mama, maji!"

Tochi: nabonyeza, giza.
Betri zimo redioni,
na redio imo majini.

Yule aliyekuwa akinitania
ndiye aliyeuchomoa mkoba msumarini,
akauvaa shingoni, mtoto mabegani,
nami nyuma nimeshika pindo la shati lake,
tukipapasa barabara kwa nyayo
kama watu wanaotafuta sindano.

Shuleni, darasa la pili,
chini ya ubao wenye hesabu zisizofutwa,
nikafungua mkoba kwa mwanga wa simu ya mtu.
Kofia haikupita masikio.
Soksi zilikataa hata vidole.
Nepi, pini haikufika upande wa pili.
Nikakaa nayo mapajani.
Nilikuwa nimemwokoa mtoto mwingine,
wa miezi mitatu,
aliyekwisha kuhama nyumbani kwangu
bila kuaga.

Ndipo akaingia Mwanakombo,
siku tisa tangu ajifungue,
kichanga kakiviringisha kwa pazia la dirisha
linalochuruzika.
Hakusema kitu.
Mimi nami sikutaja mkeka.
Tulimkausha, tukamvika:
nepi ikakaa, kofia ikakaa,
soksi kama zilishonwa zikimngoja yeye.
Shekue alilala ndani ya shati la baba yake,
lenye harufu ya grisi, mikono mitupu ikiburura sakafuni.

Siku hizi mwezi ukiandama nautua mkoba,
naumwaga wote kitandani,
napima kiatu kwa wayo wa leo, si wa jana.
Betri nimezifunga uzi mwekundu;
Semboja anajua maana yake.
Mwanakombo ana msumari wake,
na hataki uzungumzwe.

Juzi, chini kabisa, chini ya kopo la kiberiti,
nilikuta hindi la kuchoma
limeng'atwa nusu, limefungwa kwenye leso yangu
mafundo matatu.
Nikamwita mwenyewe. Shekue, hili la nini?
Akaniangalia kama nesi yule.
"La maji," akasema.