Mistari Miwili

Andika, Salha. Leo wewe ndiye mkono wangu.
Jina: Shaame Khatoro. Kazi: mtoa barafu, kiwandani, Wete.
Fomu inauliza: Ajali ilitokea vipi?
Imetoa mistari miwili.
Mistari miwili, mwanangu!
Hata salamu zetu za asubuhi hazienei hapo.

Basi andika kwa herufi ndogo.
Andika kwamba nje kulikuwa na masika,
wapakizi wamejifunga mifuko ya nailoni kichwani,
na ndani ya chumba chetu kulikuwa na majira mengine,
yasiyo na jina kwenye kalenda ya ukutani:
pumzi inatoka kama moshi wa mtu asiyevuta,
nyusi zinaota weupe.
Siku za jua kali watu hutuonea gere.
"Nyie mmekaa peponi," husema.
Hawajui kwamba baridi nayo huchoma,
na ikishachoma huiba:
kwanza ncha za vidole, kisha habari zake.

Andika sakafu. Sakafu usiisahau.
Maji ya mvua yaliingia na buti za watu,
yakakutana na maji ya barafu, yakafanya utando
mwembamba kama wa juu ya maziwa.
Bi Tumu, mfagizi, alikuwa akimwaga chumvi,
chumvi ya jikoni kwake, kwa kikombe,
maana ya kiwanda iliisha tangu Rajabu.
Mkeka wa mpira tuliuomba. Glovu tuliziomba.
Tuliambiwa tusubiri.
Subira huvuta heri, wanasema.
Yetu ilivuta gumba.

Pande la barafu lilinitoka, mguu ukakimbia,
mkono ukabaki kati ya pande na ukingo wa chuma.
Sikusikia kitu, Salha.
Hilo liandike, ulipigie mstari.
Niliona wekundu juu ya weupe
nikadhani ni damu ya changu wa mteja.
Nikawa namtafuta samaki.

Bwana Mundhir alikuja hospitali na machungwa,
na bahasha. Elfu themanini.
"Sema ulitelezea kisimani kwako," akanong'ona,
"mambo yaishe kiungwana."
Machungwa tulikula.
Bahasha mama yako aliirudisha hadi mlangoni kwake,
buibui likimchuruzika maji:
"Sadaka, bwana, humpa umtakaye, kiasi ukitakacho.
Hiki tunachodai kina kiasi chake,
na hakikuanza kwa huruma yako."

Shahidi? Bakari alitazama dari.
Mkataba wake ni wa siku kwa siku,
na watoto ni watano. Simlaumu.
Ametia saini Bi Tumu, polepole,
jina lake lote mpaka la babu yake.

Karani ana jedwali.
Gumba lina fungu lake, kidole cha shahada fungu lake,
chanda fungu dogo.
Nimemuuliza, si kwa ubishi:
tasbihi naihesabu kwa gumba, linapanda pingili kwa pingili;
wali nitaufinyanga kwa nini?
Na kifungo cha kanzu, asubuhi ya Idi?
Akavua miwani. Akasema jedwali halina hayo.
Nikamwambia najua.
Ndiyo maana nakwambia wewe.

Kisha akasukuma kibao cha wino, uso hajainua:
"Dole gumba la kulia, hapa."

Feni inazunguka.
Umeanza kucheka wewe, Salha, kisha mimi,
kisha yeye, mpaka alipoiona bendeji.
Tumepiga la kushoto. Limekwenda upande, limetapakaa,
linafanana na kisiwa kilichochorwa na mtoto.

*

Mwezi umepita. Fedha bado ziko njiani;
kila Jumatatu naambiwa faili limepanda ngazi.
Leo nimekwenda kiwandani kuchukua buti zangu.
Wametandika mkeka wa mpira, mlango hadi mlango,
mweusi, bado unanuka duka.
Bakari amevaa glovu. Amezificha nyuma aliponiona.
Nimesimama juu ya mkeka, nikasugua kisigino,
mara moja, mara ya pili.

Hautelezi.