Kaseti Isiyo na Jina

Kaseti ilikuwa ya kijivu, karatasi imebanduka,
imebaki gundi na unywele mmoja wa mtu tusiyemjua.
Kanduru alisema kaipata Mueda, ng'ambo ya Ruvuma,
kwa madebe mawili ya korosho na saa yake ya mkono.
Mama yake alisema kaibiwa saa.

Mwaka ule mabibo yaliozea chini ya mikorosho
maana bei ilikuwa matusi,
lakini Newala tulikuwa na gemu ambayo Masasi hawana.
Hata Mtwara mjini hawana. Tuliuliza.

Ilibidi uipulize mara tatu,
uichomeke, uichomoe,
uichomeke tena kwa hasira kidogo,
ndipo tivii ya chogo ikohoe rangi
na wapiganaji wanane wajipange kama wadaiwa.
Majina yao yaliandikwa kwa nyayo za kuku.
Tukawabatiza wenyewe:
Mwalimu wa Hesabu, anayepiga kwa rula;
Bwana Mizani, mnene, anayekuibia hata akisimama tu;
Pacha, ambaye mwenzake hatukumwona kamwe;
na wengine, nimewasahau, Mungu anisamehe;
na wa mwisho pembeni, mgongo umepinda,
mchi mkononi.
Bibi.

Hakuna aliyemchagua Bibi.
Alitembea kama anayetafuta sindano.
Pigo lake lilifika adui keshakula, keshalala,
na hamsini yako imeshaliwa.

Isipokuwa Somoe Litandu.
Alikuja kuuza maji. Akatua ndoo,
akafuta mikono kwenye khanga,
akafungua pindo, akatoa hamsini ya mauzo,
ya mamaye, si yake:
"Nipisheni. Huyu bibi mnamwonea."

Chini, chini, nyuma, ngumi.
Sijui nani alimfundisha. Labda hakuna.
Labda aliyetwanga tangu ana miaka sita
anajua mchi haurushwi,
mchi unainuliwa, kisha unaachwa ushuke.
Bibi akainua. Akangoja.
Akangoja tena, mpaka Selemani akashika kichwa
na mimi nikauma kola ya shati,
halafu
pu.
Bwana Mizani akakaa chini kama gunia.

Saba walitwangwa mchana ule.
Watoto walipanda madirisha, mwuza uraka akaacha mtungi.
Pambano la mwisho lilikuwa ukingoni, chini bonde, chini ukungu,
na sote tukasema: pale ni Shimo la Mungu,
hawa watu walipaona lini?
Hapo ndipo alipotokea pacha wa pili.
Miezi minane tulikuwa tukimsengenya, kumbe yupo.
Naye akatwangwa.

Kioo kikatulia. Nyumba ndogo. Dirisha lina taa.
Bibi ameegemeza mchi ukutani
na chini yake mistari miwili ya nyayo za kuku.
Selemani akasoma, "Karibuni chakula."
Kanduru akasoma, "Lipeni kwanza."
Mimi nilikuwa bado nasoma
jenereta lilipoishiwa mafuta.

Hatukuiona tena. Kesho yake kaseti iliganda kwenye rangi ya ugoro.
Nimeitafuta ukubwani, nimewaeleza vijana
wenye gemu elfu tatu ndani ya simu moja:
kikongwe, mchi, pacha anayechelewa.
Wananitazama kwa adabu.
"Mjomba, uliota."
Kaseti yenyewe iko kwa mama Kanduru,
inazuia meza isicheze.

Mwezi uliopita niliingia duka la dawa, Nachingwea.
Somoe, miwani puani, anahesabu vidonge viwiliviwili
kwa kisu kisicho na makali.
Nikamuuliza. Hakuinua macho.
"Nilichapwa siku ile. Ndoo nayo iliibiwa."
Lakini yale maandishi, Somoe. Yalisemaje?
Akafunga kikaratasi, akampa mteja,
akamwambia kutwa mara tatu, baada ya kula.
"Yalisema," akanijibu,
"rudisha hamsini ya mama yako."

Na kidole gumba chake, juu ya kaunta,
chini, chini,
kikasita.